Kiyeyushi Hakitoki Kwenye Desa

Ukiingia maabara ya kemia siku ya kromatografia ya tabaka jembamba, ile ambayo kwa kifupi tunaiita TLC, utasikia swali moja kutoka kila meza: "Jamani, kiyeyushi gani?" Hakuna anayeuliza kwa nini. Wote wanauliza gani. Na jibu huwa limeshaandaliwa: mtu anafungua simu, anavuta ripoti ya mwaka jana, anasoma kwa sauti, "Heksani saba kwa asetoni tatu," halafu maisha yanaendelea.

Tatizo linakuja pale sampuli ya mwaka huu inapokuwa siyo ile ya mwaka jana. Madoa yote yanabaki chini kwenye mstari, au yote yanapanda juu kabisa. Mabamba ya kurudia ni mawili tu kwa kundi. Muda wa maabara unakaribia kwisha, kuna kipindi kingine saa nane, na hapo ndipo watu wanapoanza kupika data. Namba za Rf za ripoti ya zamani zinaingia kwenye ripoti mpya, zimebadilishwa kidogo tu kwenye desimali ya pili ili zisifanane.

Mimi nasoma ualimu, kemia na baiolojia. Nimewaza sana juu ya jambo hili, na maoni yangu ni kwamba watu wengi hawapiki data kwa sababu wana tabia mbaya. Wanapika kwa sababu hakuna aliyewafundisha kufanya nini bamba likikataa. Anayejua jinsi kiyeyushi kinavyochaguliwa hana haja ya kupika, kwa sababu hata bamba lililokataa linamwambia kitu. Kwa hiyo makala haya ni somo. Nimeyaandika kwa ajili yenu mnaoingia maabara wiki ijayo, na pia kwa walimu watarajiwa wenzangu, maana tusipolielewa hili hapa tutalibeba desa hilohilo mpaka darasani.

Nani anashindana na nani

Bamba la TLC ni kipande cha kioo, alumini au plastiki kilichopakwa tabaka jembamba la silika. Siyo silika ya mtu, yaani tabia yake ya kuzaliwa. Hii ni silika iliyo ndugu wa mchanga wa pwani. Uso wa silika umejaa vikundi vya OH, oksijeni na haidrojeni, na vikundi hivyo vinapenda kushika. Kampaundi yoyote yenye oksijeni au naitrojeni itashikwa, nyingine kidogo na nyingine sana. Yenye kaboni na haidrojeni peke yake haishikwi karibu kabisa.

Fikiria daladala. Molekuli ni abiria, kiyeyushi ni gari, silika ni vituo. Abiria mwenye jamaa kila kituo atashuka, asalimie, apande gari linalofuata, kisha ashuke tena mbele. Atafika, lakini kwa kuchelewa. Asiye na jamaa yeyote njiani anakaa kwenye siti yake mpaka mwisho wa safari. Wote wawili walipanda pamoja kutoka kituo kimoja, lakini baada ya nusu saa wako mbali mbali. Kutengana kwa madoa ni hivyohivyo.

Kiyeyushi kinaingia vipi hapa? Kinafanya kazi mbili kwa pamoja. Kwanza kinaiyeyusha kampaundi na kuibeba. Pili, chenyewe kinagombania nafasi kwenye silika. Kiyeyushi chenye polariti kubwa, kama methanoli, kinakaa kwenye vituo vyote na kuwafukuza abiria warudi garini. Kiyeyushi kisicho na polariti, kama heksani, hakigombanii chochote, na kila mwenye jamaa anashuka kituo cha kwanza na kubaki hapo. Kuchagua kiyeyushi ni kutafuta katikati ya hao wawili. Ukiielewa sentensi hiyo, mengine yote yanafuata.

Rf, na kwa nini tunalenga theluthi moja

Rf ni umbali uliosafiri na doa, ukigawanya kwa umbali uliosafiri na kiyeyushi, vyote vikipimwa kutoka mstari wa kuanzia. Kiyeyushi kikipanda sentimita 5.0 na doa sentimita 1.6, Rf ni 0.32. Hilo kila mtu analijua. Wachache ndio wanaojiuliza Rf nzuri ni ipi.

Wengi hudhani doa likipanda juu zaidi ndiyo vizuri zaidi. Sivyo. Doa lililo chini kabisa halijapata nafasi ya kutengana na mwenzake. Doa lililo juu kabisa halijashikwa na silika kiasi cha kutosha, na bila kushikwa hakuna kutengana. Fomula ya utengano, mambo mengine yakibaki vilevile, inabeba kipande hiki: kipeuo cha pili cha Rf, zidisha kwa moja toa Rf. Chukua kikokotoo ujaribu mwenyewe. Kwa Rf ya 0.1 unapata 0.28. Kwa 0.33 unapata 0.38. Kwa 0.5 unapata 0.35. Kwa 0.8 unaanguka mpaka 0.18. Kilele kipo kwenye theluthi moja, na ukifika 0.8 umeshapoteza zaidi ya nusu ya utengano wako.

Ndiyo maana mwaka 1978, W. Clark Still na wenzake Kahn na Mitra walipochapisha njia yao ya kromatografia ya haraka ya safu, walishauri mtu atafute kwanza kiyeyushi kinachoipa kampaundi anayoitaka Rf ya karibu 0.35 kwenye TLC. Walikuwa na sababu ya kuichagua namba hiyo, na sasa umeiona. Kwa hiyo lengo letu ni kuweka madoa tunayoyataka kati ya 0.2 na 0.4 hivi.

Ngazi ya viyeyushi

Kwenye silika, viyeyushi vya kawaida vinapangika kama ngazi, kutoka dhaifu hadi chenye nguvu: heksani, tolueni, dikloromethani, diethili etha, ethili asetati, asetoni, methanoli.

Kampaundi nazo zina ngazi yao, kutoka zinazoshikwa kidogo hadi zinazong'ang'ania: haidrokaboni, etha, esta, ketoni na aldehaidi, alkoholi, na mwisho asidi za kaboksili. Amini nazo ziko juu kwenye kung'ang'ania, tena zina vituko vyake ambavyo tutaviona.

Kazi ya kwanza kabla hujagusa chupa yoyote ni kuangalia kampaundi yako ina vikundi gani, ujiulize iko wapi kwenye ngazi hiyo. Kisha anza katikati. Mimi naanza na heksani na ethili asetati, moja kwa moja, na kutoka hapo maamuzi ni haya:

Madoa yakiwa juu sana, punguza ethili asetati. Nenda moja kwa tatu, kisha moja kwa tisa.

Yakiwa chini sana, ongeza. Yakibaki chini hata kwenye ethili asetati tupu, hama familia: jaribu dikloromethani 95 kwa methanoli 5.

Yakiwa juu hata kwenye heksani tupu, basi silika haina cha kushika. Hapo tatizo siyo kiyeyushi tena. Unahitaji bamba la aina nyingine.

Kumbuka pia kwamba nguvu haipandi kwa mstari ulionyooka. Kutoka asilimia 0 ya ethili asetati hadi asilimia 10 ni ruka kubwa. Kutoka 50 hadi 60 hutaona tofauti kubwa. Kwa hiyo ukiwa na kiyeyushi dhaifu, ongeza matone machache machache. Ukiwa nacho chenye nguvu, usiogope kuongeza kwa wingi.

Mchicha utakuonyesha yote hayo kwa macho

Hakuna mfano mzuri kama majani, kwa sababu rangi zinaonekana bila taa wala kemikali ya kupulizia. Neno kromatografia lenyewe, kwa Kigiriki, ni kuandika kwa rangi, na Mikhail Tsvet alianza na rangi za majani huko Warsaw mwanzoni mwa karne ya 20, akitumia safu ya unga wa kalisi kaboneti.

Chukua majani machache ya mchicha, yafute maji, yasage na asetoni kidogo. Weka tone dogo kwenye bamba kwa kapilari, liache likauke, rudia mara mbili tatu. Mstari chora kwa penseli, sentimita moja kutoka chini, na kiyeyushi ndani ya chupa kisiufikie mstari huo, vinginevyo rangi itayeyukia ndani ya chupa badala ya kupanda.

Sasa tengeneza chupa tatu. Ya kwanza heksani tupu. Hapo karotini peke yake ndiyo inayosogea, rangi ya chungwa inayojiondokea. Kijani chote kinabaki kwenye mstari. Ya pili asetoni tupu. Kila kitu kinakimbilia juu kwa pamoja, na unapata ukanda mmoja mchafu wa kijani. Ya tatu heksani saba kwa asetoni tatu, ile ya kwenye desa. Hapo bamba linafunguka: juu kabisa karotini, chini yake mara nyingi doa la kijivu la feofitini, kisha klorofili a yenye kijani cha kuelekea buluu, kisha klorofili b yenye kijani cha kuelekea njano, na chini zaidi zanthofili za njano.

Kwa nini mpangilio huo? Karotini ni haidrokaboni tupu, haina jamaa kituoni. Zanthofili ni ndugu zake walioongezewa oksijeni. Luteini, kwa mfano, ina OH mbili, ndiyo maana inabaki chini. Klorofili a na b zinatofautiana sehemu moja tu: penye methili kwenye a, b ina aldehaidi. Kikundi kimoja hicho kinatosha kuirudisha b nyuma. Na feofitini ni klorofili iliyopoteza magnesiamu yake, jambo linalotokea kukiwa na asidi kidogo.

Kwa hiyo desa halikukosea. Saba kwa tatu ni jibu sahihi la swali la mchicha. Kosa ni kulipeleka jibu hilo kwenye swali la aspirini.

Nguvu siyo kila kitu

Kuna hali moja inayowakatisha watu tamaa. Umefika Rf ya 0.3, mahali pazuri kabisa, lakini madoa mawili yamekaa pamoja kama pacha. Unaongeza ethili asetati, yanapanda pamoja. Unapunguza, yanashuka pamoja. Wengi hapa huanza kuchanganya chochote kilicho mezani, kama mfa maji.

Tulia. Tatizo lako sasa ni aina, siyo nguvu. Badilisha tabia ya kiyeyushi huku ukijitahidi nguvu ibaki ileile. Ethili asetati na etha zinapokea bondi za haidrojeni lakini hazitoi. Methanoli na ethanoli zinatoa na kupokea. Dikloromethani haifanyi sana lolote kati ya hayo. Yenyewe inategemea ncha zake za umeme. Kampaundi mbili zinazolingana mbele ya ethili asetati zinaweza zisilingane mbele ya dikloromethani, kwa sababu moja ina OH ya kutoa na nyingine haina.

Kwa hiyo ukishindwa kwenye heksani na ethili asetati, jaribu heksani na dikloromethani, au tolueni na asetoni. Rekebisha uwiano mpaka urudi kwenye 0.3, kisha angalia kama pacha wameachana. Jaribio la aina hiyo lina thamani kuliko kuongeza tone moja moja la kiyeyushi kilekile mara kumi.

Ukiwa na uhaba wa mabamba, kama sisi, kuna njia ya kubana matumizi. Weka madoa manne au matano ya sampuli kwenye bamba moja, yaachane vizuri. Jaza kapilari kiyeyushi kimoja kimoja, na kila kapilari uigusishe katikati ya doa lake. Kiyeyushi kinasambaa kama duara. Ambapo rangi imebaki nukta katikati, kiyeyushi ni dhaifu. Ambapo rangi yote imesukumwa ukingoni, kina nguvu mno. Ambapo unaona pete zilizoachana, hapo pana matumaini. Njia hii inafanana sana na ile waliyoanza nayo Nikolai Izmailov na Maria Shraiber huko Kharkiv mwaka 1938, walipodondoshea kiyeyushi juu ya tabaka jembamba la alumina ili kuchunguza dawa zitokanazo na mimea. Bamba moja linakupa majibu matano.

Doa lenye mkia

Wakati mwingine doa halipandi kama nukta, linaburuza mkia. Kabla hujalaumu kiyeyushi, punguza sampuli. Ukiweka nyingi mno, silika inazidiwa na mkia unatokea. Zimua, jaribu tena.

Mkia ukibaki, angalia kemia ya sampuli yako. Aspirini ni asidi ya kaboksili. Sehemu yake moja iko kama asidi kamili, sehemu nyingine imepoteza haidrojeni na inashikwa kwa nguvu zaidi; hizo mbili hazitembei kwa mwendo mmoja, ndiyo maana doa linaburuzika. Weka asidi asetiki kama asilimia 1 kwenye ethili asetati, na doa linajikusanya. Kwa upande wa pili, amini kama kwinini zinang'ang'ania kwenye silika kwa sababu uso wa silika una uasidi kidogo. Dawa yake ni besi: amonia au triethilamini, nayo kwa asilimia 1 hivi.

Ukiwa na kidonge chenye parasetamoli, aspirini na kafeini pamoja, ethili asetati yenye asidi asetiki kidogo ni mahali pazuri pa kuanzia. Kafeini inabaki chini, parasetamoli katikati, aspirini juu. Hazina rangi, kwa hiyo utaziona chini ya taa ya urujuanimno kwenye bamba lililotiwa dutu inayong'aa. Madoa yanaonekana kama vivuli vyeusi. Linda macho, usiitazame taa hiyo moja kwa moja.

Hewa ya Pwani haiko kwenye kitabu

Hapa ndipo Rf ya kitabu inapotuangusha hata tukiwa tumefuata kila kitu. Silika inavuta unyevu kutoka hewani. Vituo vikikaliwa na maji, haviwashiki abiria, na madoa yanapanda kuliko ilivyotegemewa. Bamba lililokaa wazi mezani wakati wa masika hapa Pwani siyo bamba lilelile lililotumiwa na mwandishi wa kitabu kwenye nchi kavu yenye baridi. Kulipasha moto kwenye oveni ya nyuzi 110 hivi kwa nusu saa kunasaidia.

Joto nalo. Dikloromethani inachemka kwenye nyuzi 40 tu, asetoni kwenye 56, heksani karibu 69, ethili asetati 77. Mchanganyiko ulioutengeneza saa tatu asubuhi na kuuacha kwenye chupa iliyo wazi, saa nane mchana siyo mchanganyiko uleule, kwa sababu kimoja kimeondoka kuliko kingine. Tengeneza kidogo, funika, mwaga kwenye chupa ya taka, tengeneza kipya. Fundi mmoja wa maabara aliwahi kutuambia, "Vijana, kiyeyushi ni kama chai, hakinywewi cha jana." Tulicheka, lakini kemia yake ni sahihi.

Hii ina maana gani kwa ripoti? Kwamba ukiniletea Rf inayolingana na ya mwaka jana mpaka desimali ya pili, mimi nitashangaa kuliko kufurahi. Rf siyo kitambulisho cha taifa cha kampaundi. Ni tabia yake siku hiyo, kwenye bamba hilo, ndani ya chupa hiyo. Ndiyo sababu tunaweka kampaundi halisi ya kulinganishia kwenye bamba hilohilo, pembeni ya sampuli, na katikati yao doa la tatu lenye vyote viwili juu ya kimoja. Hilo la tatu likipanda kama doa moja la mviringo, una ushahidi. Likiachana, hazikuwa kitu kimoja.

Doa moja siyo lazima kitu kimoja

Kwa nini nalichukulia jambo hili kwa uzito hivi? Kwa sababu TLC haiishii maabara ya mwaka wa pili. Mamlaka ya dawa ya nchi yetu, iliyokuwa TFDA na tangu mwaka 2019 ni TMDA, imekuwa ikitumia vifaa vinavyobebeka vya uchunguzi wa dawa, ikiwemo Minilab ya Ujerumani, kuchuja dawa zinazotiliwa shaka. Kiini cha kifaa hicho ni TLC. Kidonge kinasagwa, kinayeyushwa, na doa lake linawekwa kwenye bamba pamoja na dawa halisi ya viwango viwili: asilimia 100 ya kinachotakiwa, na asilimia 80. Doa la kidonge likiwa hafifu kuliko lile la asilimia 80, au likikaa mahali tofauti, dawa hiyo inapelekwa maabara kubwa kuchunguzwa zaidi.

Kila dawa kwenye mwongozo wa kifaa hicho ina kiyeyushi chake. Kuna mtu alikaa chini akakichagua ili dawa ya kweli ikae mahali panaposomeka. Kiyeyushi kibovu, chenye nguvu kupita kiasi, kingeipandisha dawa ya kweli na ya uongo mpaka juu kabisa, doa moja zuri la mviringo kwa zote mbili, na mtu angesema, "Safi, ni ileile." Mgonjwa wa malaria anayemeza kidonge hicho hatajua kamwe kwamba tatizo lilikuwa uwiano wa viyeyushi.

Kwa hiyo shika kanuni hii: doa moja kwenye kiyeyushi kimoja halithibitishi kwamba dutu ni safi. Jaribu angalau kiyeyushi cha pili cha familia tofauti. Likibaki moja hapo pia, anza kuamini.

Usalama, na lile desa la zamani sana

Baadhi ya madesa yanayozunguka ni ya zamani kiasi kwamba bado yanataja benzeni. Benzeni inasababisha saratani ya damu. Ukikuta imeandikwa, weka tolueni badala yake na urekebishe uwiano. Heksani ya kawaida ikivutwa kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu. Penye heptani, tumia heptani, inafanya kazi karibu sawa. Dikloromethani na klorofomu zitumie pale tu ambapo ethili asetati imeshindwa. Fanya kazi kwenye kabati la moshi, na kama feni yake imekufa, fungua madirisha na mseme kwa uongozi wa maabara, msinyamaze. Taka zenye klorini ziwe na chupa yake, zisiende kwenye sinki.

Shuleni kusiko na bamba hata moja

Sasa nawageukia walimu watarajiwa. Wengi wetu tutapangiwa shule ambazo bamba la silika halijawahi kuonekana. Lakini kuchagua kiyeyushi kunaweza kufundishwa kwa karatasi ya kuchujia, kalamu na glasi tatu.

Glasi ya kwanza maji. Ya pili spiriti. Ya tatu nusu kwa nusu. Wape wanafunzi kalamu ya feltipeni inayofutika kwa maji na kalamu ya kawaida ya biro. Wachore nukta kwenye vipande vya karatasi, kisha kabla hawajatumbukiza, waulize: "Nani atapanda wapi?" Waandike utabiri wao. Wino wa feltipeni utapanda na maji. Wino wa biro kwenye maji hautatikisika, lakini kwenye spiriti utaondoka. Muulize mwanafunzi kwa nini, na umpe muda wa kufikiri kabla hujamjibu wewe. Waambie pia kwamba karatasi siyo silika: nyuzi zake zinashikilia maji, kwa hiyo rangi zinazopenda maji zina mahali pa kushukia, na maji hapo yanaweza kuwa ndiyo gari lenye nguvu. Wazo la mashindano ni lilelile, wachezaji ndio wamebadilika.

Kipindi hicho kinachukua dakika 80 na gharama yake ni ndogo kuliko vocha ya simu. Mwanafunzi aliyetabiri, akakosea, akaeleza kwa nini, ameshajifunza kutopika data, hata kama neno hilo hajawahi kulisikia.

Pendekezo langu

Naomba wahadhiri wetu watufikirie kwenye jambo moja dogo: ripoti ya TLC iwe na sehemu ya mabamba yaliyokataa, nayo ipewe maksi. Mwanafunzi aandike alianza na kiyeyushi gani, madoa yalikaa wapi, akaamua nini na kwa sababu gani. Bamba lenye madoa yote chini linasema kiyeyushi ni dhaifu. Lenye madoa yote juu linasema kina nguvu mno. Lenye mkia linazungumzia asidi, besi au wingi wa sampuli. Hiyo yote ni data, tena data halali, lakini leo tunaitupa kwenye ndoo kwa kuwa hailingani na ya mwaka jana.

Na kwenu wenzangu, wiki ijayo mkiingia maabara, simu ziacheni kwenye mkoba kwa dakika tano za mwanzo. Andikeni kwanza sampuli ina vikundi gani, ngazi yake iko wapi, na mnatarajia doa likae wapi. Kisha ndiyo mfungue chupa.